Ile Ile ya Njano

Jana usiku nilizitandaza nguo zangu zote za kutokea juu ya kitanda nikazihesabu. Ziko kumi na moja: gauni tatu, sketi mbili, blauzi nne, suruali moja na koti moja la jinzi. Hakuna iliyonigharimu zaidi ya shilingi 15,000, ukijumlisha na hela ya fundi. Na hakuna nyeusi hata moja. Kuna rangi ya chungwa, kuna kijani cha mgomba, kuna zambarau, kuna ile nyekundu iliyopoa ambayo wenyewe tunaiita damu ya mzee. Shosti wangu husema nikipita mtaani mwezi Desemba watu wanadhani mkrismasi umeng'oka na kuanza kutembea. Anatania, lakini mimi napokea kama sifa.

Mara kwa mara watu huniuliza nafanyaje kuvaa rangi zote hizo kwa mshahara wa mwalimu. Nina jibu fupi, la bei na masoko, na nitalitoa. Lakini jibu hilo likiachwa peke yake linadanganya. Ugumu wa kuvaa rangi ukiwa na hela kidogo hauko kwenye hela. Uko kwenye aibu, na aibu yangu mimi naijua mpaka tarehe yake.

Nianze na nyeusi. Mwaka 2017 shule binafsi niliyokuwa nafundisha hapa Dar es Salaam ilianza kuchelewesha mishahara. Kwanza wiki, halafu mwezi, mwisho miezi mitatu. Katika kutafuta namna ya kubana matumizi nikakutana na ushauri ambao bila shaka na wewe umekutana nao: punguza kabati, baki na nyeusi, nyeupe na kijivu, kila nguo itaingiliana na nyingine. Ulikuwa na mantiki. Nikagawa nguo zangu za rangi kwa wadogo zangu, nikabaki na sketi mbili nyeusi, suruali nyeusi, blauzi nyeupe tatu na sweta la kijivu. Ilipofika Februari nikaelewa nilichofanya. Anayeijua Februari ya Dar anajua nguo nyeusi, saa saba mchana, kituo cha daladala, ni adhabu ya aina gani. Siku moja mtoto wa darasa la tatu akanisogelea taratibu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, pole. Nani amekufa?"

Nilicheka, lakini zile nguo sikuziacha kwa karibu mwaka mzima. Joto nililivumilia. Ilinichukua muda kukubali kwa nini: nyeusi haikumbukwi. Unaweza kuvaa sketi nyeusi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na hakuna atakayesema, "Si ulivaa hii juzi?" Rangi ina kumbukumbu. Gauni la njano ukilivaa mara moja kwenye shughuli, ukumbi mzima umeshalisajili kichwani. Ukilirudia mwezi ujao umewatangazia kwamba ndilo ulilonalo. Ndiyo maana mtu ambaye mambo yake si mazuri, hasa hapa mjini, hukimbilia rangi zisizosema kitu. Anaficha idadi.

Mama yangu hakuificha.

Tulikulia Morogoro, kwenye nyumba ya kupanga, vyumba viwili, mahali ambapo ukitoka nje asubuhi unaiona milima ya Uluguru imejifunika mawingu. Mama alikuwa anauza chapati na maharage stendi. Alikuwa na kanga zake za kazi, kama wanawake wote, na alikuwa na nguo moja ya kutokea: kitenge cha njano chenye maua ya zambarau na majani ya rangi ya chungwa, gauni na kilemba chake. Kilikuwa cha Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Mama alipenda kulisema hilo, "cha Urafiki hiki," kama mtu anavyotaja ukoo.

Alikivaa kwenye harusi, ubatizo, Krismasi, Pasaka na vikao vya wazazi. Baridi ya Juni ikija alikitupia sweta la kijani juu. Wakati wa masika alikipandisha kidogo, akakifunga kiunoni kwa kanga nyekundu ili matope yasifike kwenye pindo. Kiangazi aliivua kanga, akabaki na kitenge chenyewe na ushanga. Vuli ikianza aliongeza kilemba. Misimu yote ni kitenge kimoja, na kila msimu kilikuja na kitu kidogo kipya pembeni yake. Leo naona ulikuwa ufundi. Wakati ule niliona ile ile ya njano.

Hayo ndiyo maneno ya watoto wenzangu. "Mama yako kaja na ile ile ya njano." Hawakusema kwa ubaya sana. Walisema tu kama unavyosema mvua imenyesha.

Septemba 1998 nilikuwa namaliza darasa la saba. Mahafali yalikuwa Ijumaa. Mama nilimwambia ni Jumamosi.

Siku yenyewe nikaenda, nikaghani ngonjera na wenzangu, nikapewa cheti, nikanywa soda yangu. Mwenzangu mmoja akauliza mama yuko wapi, nikasema anaumwa. Jioni narudi nyumbani namkuta mama amewasha pasi ya mkaa. Kitenge kimetandazwa mezani juu ya blanketi, ananyoosha pindo taratibu, na kilemba tayari kimekunjwa pembeni. Nikasimama mlangoni, cheti nimekishika mgongoni.

"Mama," nikasema, "kumbe ilikuwa leo."

Hakuinua macho. Akamalizia kona aliyokuwa nayo, akaiweka pasi chini, akasema, "Basi nimenyoosha bure." Akakikunja, akakirudisha kwenye sanduku. Usiku tukala kama kawaida.

Hiyo ndiyo tarehe niliyoisema hapo juu.

Kilichonirudisha kwenye rangi, baada ya ule mwaka wa nyeusi, ni doti moja ya kanga. Jirani yangu alinipa kama shukrani baada ya kumsaidia kupika kwenye arobaini ya mtoto wake. Nyekundu, na mji wake una maembe ya kijani na njano. Kanga moja nikaipeleka kwa fundi anishonee sketi, nikamsisitiza asilikate jina, liwe chini kabisa kwenye pindo. Ninalo deni na jina la kanga. Herufi zangu za kwanza sikuzijulia darasani. Nilizijulia jikoni, nikiwa nimekaa kwenye kibao nyuma ya mama anayechochea moto, maandishi ya kanga yake yakiwa usawa wa macho yangu. Kabla sijashika kitabu cha mtu yeyote nilikuwa nimeshasoma mafumbo ya wanawake wa mtaa mzima, na mengine mpaka nilipokua ndipo nikajua yalikuwa yanamsema nani.

Ile sketi ndiyo iliyonifundisha kanuni ninayoifuata mpaka leo. Ni hii: kila msimu nguo moja tu mpya, na nguo hiyo lazima ijuane na mbili za zamani. Kanga au kitenge ndicho kinachoamua, kwa sababu aliyekichora alishafanya kazi ya kupatanisha rangi kabla yako. Ninaomba fundi anipe kipande kilichobaki, hata cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, nakiweka kwenye pochi. Nikifika sokoni silitegemei jicho, maana jicho sokoni linalewa. Natoa kipande changu, nakiweka juu ya nguo. Zikisalimiana nanunua. Zikinuniana narudisha, hata kama ni buku.

Kiangazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, mimi nanunua sweta. Usicheke. Marobota ya mitumba hayaijui kalenda yetu. Yanafungwa na watu wenye baridi zao, yanafunguliwa hapa jua likiwa kichwani, na ndani yake kuna masweta mazuri ambayo Dar hakuna anayeyataka kwa wakati huo. Yanayobahatika yanapandishwa basi kwenda Njombe na Makete. Yanayobaki yanamwagwa chini. Nilikuwa nanunua Karume, kwa kijana mmoja mwenye maneno mengi, mpaka soko lilipoungua Januari 2022 na watu wakatawanyika. Baadaye nikamkuta Tandika.

"Dada yangu, joto hili unanunua sweta? Unahamia Makete?"

"Nanunulia Juni."

"Basi wewe una akili. Chukua mawili buku tatu."

Moja lilikuwa damu ya mzee, la pili rangi ya haradali. Juni yalipotoka kabatini, wenzangu ofisini wakaniuliza nimeyatoa duka gani.

Masika ni msimu wa kununua kidogo kuliko yote na kufikiri zaidi. Nguo haikauki, barabara za kwetu zinageuka uji, na sketi ndefu ya rangi nyepesi itarudi nyumbani na ramani. Kwa hiyo masika rangi naipandisha juu: blauzi, kilemba, hereni. Chini navaa kitu kifupi kidogo chenye mchoro mwingi, maana tope likirukia kwenye maua linajificha, likirukia kwenye kitambaa cheupe linasimama kama shahidi mahakamani. Na tafadhali, kitenge kipya usikifue na kitu kingine mara ya kwanza. Mimi nililoweka zambarau pamoja na blauzi yangu nyeupe, zikaamka zote zambarau, moja iliyokolea na nyingine iliyofifia. Nililia siku moja. Ile iliyofifia ndiyo blauzi ninayosifiwa kuliko zote.

Kipupwe ni msimu wa fundi. Fundi wa Desemba, au wa wiki ya mwisho ya Ramadhani, hana macho wala masikio. Ana foleni tu. Juni na Julai, kama mtaani hakuna shughuli nyingi, anakuangalia usoni na mnaelewana bei. Hapo ndipo napeleka zile nguo za mitumba zenye kitambaa kizuri na mshono wa mtu mwingine: gauni pana linapunguzwa, shati la kiume la pamba linakatwa mikono, suruali iliyopasuka inakuwa sketi. Mtumba usinunue kwa umbo lake. Nunua kitambaa na rangi, umbo ni elfu tatu au nne kwa fundi.

Halafu inakuja vuli, na vuli ndiyo mtihani, kwa sababu inakuja na harusi. Kamati imekaa, sare imechaguliwa, kitenge ni yadi sita na bei yake ni kodi yangu ya mwezi. Miaka ya nyuma nilikuwa nakopa. Siku hizi natafuta ndugu mfupi. Ndiyo, ndugu mfupi: yadi sita kwake ni nyingi, anashona kwa yadi nne na mbili zinabaki. Namlipa hizo mbili. Kwa yadi mbili napata kilemba, mkanda mpana na pindo la kushonea chini ya gauni nililonalo, na kwenye picha nipo na wenzangu. Ukimkosa ndugu mfupi, pita Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, uulize vipande vilivyobaki. Anayeuliza kwa heshima hufunuliwa chini ya meza.

Najua kuna msomaji ambaye hapa amekunja uso, na ana haki. Mitumba ina kesi yake. Mama huniambia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa adimu na mitumba ilikuwa marufuku. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ile, watu wakafurahi kupata cha kuvaa, na viwanda vyetu vikaingia ulingoni na mpinzani anayeuza kwa bei ya bure. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikatikisa kiberiti cha AGOA, na nchi moja moja zikarudi nyuma, Tanzania ikiwemo. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo kule bila ushuru. Ninapobeba sweta langu la Tandika nayajua hayo. Najua pia kwamba mwalimu ambaye hajalipwa miezi mitatu hawezi kukiokoa kiwanda. Ninachoweza ni kuhakikisha kwamba katikati ya kila vazi langu kuna kitambaa kimoja cha kwetu, na mitumba inakaa pembeni kama wageni. Hata hilo nilidhani nimelibuni mwenyewe.

Krismasi ya 2024 nilikwenda Morogoro. Nilimpelekea mama kitenge kipya, akakipapasa, akakisifu, akafungua sanduku ili akiweke. Ndani nikaiona. Ile ile ya njano, au kilichobaki. Njano yake imepauka ikawa kama maziwa yaliyotiwa manjano kidogo. Upande wa mbele wa gauni haupo. Mama alinikumbusha kwamba ulikuwa mbeleko ya mwanangu wa kwanza, nami nilikuwa nimesahau. Mikono ilikuwa foronya za mito. Kilichokuwa kizima ni mgongo wa gauni na kilemba.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi kwenye safari ile, hilo halikuwemo. Nikakaa kitandani.

"Mama, unayakumbuka mahafali yangu?"

"Yapi?" Alikuwa ameshika ungo, anachambua mchele wa jioni.

"Ya darasa la saba. Nilikudanganya siku."

"Nilijua."

Nikadhani hajanisikia vizuri. Nikarudia. Akasema, "Neema, nimesikia. Nilijua. Mwalimu wenu alikuwa anakunywa chai kwangu stendi kila asubuhi. Ijumaa ile akaniambia, Mama Neema leo funga mapema, tukutane kule."

"Sasa mbona hukuja?"

"Ungeniona ungefurahi?"

Sikujibu. Aliokota kijiwe, akakitupa dirishani.

"Na ile jioni?" nikauliza. "Kama ulijua imeshapita, ulikuwa unanyoosha nini?"

Akaupepeta ungo mara mbili, tatu. "Nilitaka unione nanyoosha."

Akaniuliza kama nimebandika maji ya chai. Sikuwa nimebandika. Nikaenda kubandika, nikakaa jikoni muda mrefu kuliko maji yalivyohitaji.

Kwa miaka 26 nilikuwa natembea na picha ya mwanamke aliyedanganywa na mtoto wake, na huruma yangu yote niliiweka kwenye picha hiyo. Huyo mwanamke hakuwahi kuwepo. Aliyekuwepo alijua kila kitu: alijua namwonea aibu, alijua kwa sababu gani, akaamua siku ile asije. Halafu jioni akakitoa kitenge chake, akakitandaza mezani, akakipiga pasi mbele ya macho yangu kama mtu anayesema, angalia vizuri, hii ndiyo nguo yenyewe. Na Jumapili iliyofuata akaivaa kanisani. Hilo nalikumbuka sana, kwa sababu nilikaa benchi la nyuma.

Wakati naondoka alinipa kile kilemba. "Kichwa changu siku hizi hakitaki kubanwa," akasema. Nikakipeleka kwa fundi wangu Dar, tukashauriana, akakigawa mara mbili: sehemu moja ikawa kola ya koti langu la jinzi la mitumba, sehemu nyingine ikazunguka kwenye mikono. Shilingi 6,000. Kipande kilichobaki kiko kwenye pochi yangu, ndicho ninachokwenda nacho sokoni sasa. Na ajabu ni hii: nilipokilinganisha na nguo nilizokuwa nazo, karibu zote zilisalimiana nacho. Zambarau, chungwa, kijani, damu ya mzee. Miaka yote nilikuwa nanunua nguo za kuvaa pembeni ya kitenge ambacho sikuwa nacho.

Mwezi uliofuata tulikuwa na shughuli ya kifamilia huku Dar. Mama yangu mdogo, ambaye macho yake hayana adabu, akanivuta pembeni akaishika ile kola kwa vidole viwili.

"Wewe. Hii si ya dada? Si ile ile ya njano?"

Ukumbi ulikuwa na watu. Wawili watatu waligeuka.

"Ndiyo mama," nikasema. "Ile ile."

Jumamosi ijayo kuna harusi nyingine, na watu watakaokuwepo ni karibu wale wale. Koti nimeshalifua. Nimelitundika kwenye msumari, naliona kutoka hapa nilipo. Nikimaliza kuandika nitalinyoosha.